Zafa za Nelda na Ule Wimbo Mmoja

Wasichana wangu wa mitambo, mmeniandikia kutoka Jeddah kwamba sasa nimestaafu, nina nafasi, basi niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikifanya kazi. Nafasi yenyewe siioni. Tangu nirudi Mombasa, kila mwenye harusi Kisauni ananiletea spika inayokohoa. Lakini chai iko hapa, mlango nimeufunga, nitaandika. Mshahara sitautaja, ulikuwa mdogo na haukuwa na adabu ya kusimama mbele za watu. Vyeo pia sina la kusema. Nilianza nikiitwa Zuhura na nimemaliza nikiitwa Zuhura. Nitawaandikia habari za Nelda, na mambo ya waya na maikrofoni mtayaokota humo humo njiani.

Jeddah nilikwenda kwa kazi za nyumbani, kama wengi wenu, kwa madam mmoja wa mtaa wa Al-Baghdadiyah ambaye mumewe, Baba Bakri, alikuwa na duka la spika, na nyuma ya duka studio ndogo. Mnajua harusi za kule zilivyo. Wanawake wako peke yao ukumbini, mwanamume hatii mguu, na simu zenye kamera zaachwa mlangoni. Sasa mtambo ukianza kupiga mluzi, nani atauzima? Fundi mwanamume atasimama nje apige kelele za maelekezo kama muuza samaki? Kwa hiyo mafundi walikuwa wanawake, na fundi wa Baba Bakri alikuwa Abla Sanaa, Mmisri mwenye miwani ya kamba na mgongo mbovu. Siku moja akamwambia madam wangu, "Huyu msichana wako ana mikono. Niazime anibebee spika." Nikaazimwa. Mpaka leo sijarudishwa.

Siku ya kwanza nilikunja waya kwa kuuzungusha kwenye kiwiko, kama ninavyokunja kamba ya kuanikia nguo. Abla Sanaa alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akaukunjua wote, akanitupia miguuni. "Huu una mifupa ndani," akasema. "Ukiukunja hivyo unaivunja, na utaisikia ikilia siku bibi harusi anaingia." Akanionyesha: mkunjo mmoja kwa juu, wa pili kwa chini, waya wenyewe unakwambia unataka kulala vipi. Mkinikuta kaburini nimelazwa na waya uliokunjwa vibaya, nitafufuka niukunje upya.

La pili alilonifundisha ni kwamba mkono mmoja usitoke kwenye kitufe cha sauti, hata ukila. Wa kulia ni wa chakula, wa kushoto ni wa kazi. Kwa miaka yote hiyo nimekula biriani za matajiri wa Jeddah bila kuzitazama, kwa sababu macho yako jukwaani na mkono wa kushoto uko kazini. Huo mkono una akili kunishinda mimi mwenyewe, na mtauona mbele.

Sasa zafa. Sisi kwetu tuna zefe, twamsindikiza bwana harusi kwa matari njiani. Kule Hijazi zafa ni wimbo wa bibi harusi kuingia ukumbini. Taa zinapunguzwa, mlango unafunguliwa, wimbo unaanza, na ndani yake linatajwa jina lake. Wimbo wenyewe hurekodiwa mara moja tu, lakini mahali pa jina huachwa pengo. Akija bibi harusi mpya, mwimbaji anavaa hedifoni, muziki unapigwa, na pengo likikaribia mimi nabonyeza kitufe cha kusemea na kumtilia jina masikioni, polepole, ili alitamke sawasawa. Yeye analipokea na kuliimba. Nur, Jawahir, Shuruq, yeyote yule. Linapigwa ukumbini mara moja, bibi harusi anaingia, halas. Halipigwi tena.

Abla Sanaa aliporudi kwao Misri kuupumzisha mgongo, kiti chake nikakikalia mimi. Haukupita muda mrefu Baba Bakri akaja akisugua viganja. "Zuhura, nimepata sauti. Haijulikani na mtu!" Familia za kule hupenda sauti isiyojulikana, kila mmoja ajione kaivumbua yeye. Nyuma yake akaingia mwanamke mfupi, abaya yake wazi kama koti, jinzi, hereni kubwa za fedha na mfuko wa plastiki. "Mimi Nelda," akasema. Ni Mmarekani, lakini wazee wake watu wa Mexico, na yeye amezaliwa mji wa mpakani Texas. Mumewe alikuwa fundi wa mtambo wa kusafisha maji ya bahari. Mimi nilimtegemea mwimbaji wa Amerika anitake kiyoyozi, maua na maji ya chupa ya bluu. Yeye akafungua mfuko wake akanipa peremende.

Nikaitia mdomoni. Lo! Ukwaju, tena wenye chumvi na pilipili!

"Hii mmeiiba kwetu," nikamwambia.

"Nyanya yangu angekupiga kofi," akasema. Nikatoa kopo langu la achari ya embe niliyoletewa kutoka Mombasa, akachovya kidole, akafumba macho. Tukala, pua zinatiririka, mpaka Baba Bakri akauliza kama tumekuja kurekodi ama kufungua kibanda.

Tukila hivyo siku baada ya siku, ndipo aliponisimulia kazi yake ya kurekodi. Alirekodi wimbo wake wa kwanza akiwa msichana mdogo. Kampuni ikasema jina lake halitauzika, ikamwita Nellie Brown na kumkanya asiivingirishe ile "r" yake. Santuri ikatoka, mamake akaenda dukani kuitafuta, akaambiwa hakuna mwimbaji anayeitwa Nelda, akarudi mikono mitupu na ilhali ilikuwa imetundikwa mbele ya uso wake. Wimbo wa pili ulikuwa wa Kihispania. Nao wakasema Kihispania chake ni cha jikoni, wakaiacha pumzi yake mwanzoni na kuweka sauti ya mwingine. "Ukisikiliza vizuri," akaniambia akicheka, "anayevuta pumzi ni mimi." Wa tatu ulikuwa mzuri kweli, jina lake limeandikwa na kila kitu. Kampuni ikafilisika kabla ya kuutoa, na maboksi yakabaki kwenye gereji ya matairi ya mjomba wake, wanayawekea jeki juu.

"Nimerekodi nusu ya maisha yangu, Zu," akasema. "Lakini ukitafuta wimbo wangu wenye jina langu, mafi, hakuna. Nataka mmoja. Sitaki utajiri, sitaki jukwaa lenye moshi. Mmoja tu, watu wausikie, waulize huyu ni nani, waambiwe ni Nelda."

Alicheka akisema hivyo, mimi nilisikia uchungu moyoni. Kwa sababu angalieni kazi aliyoipata: kuimba majina ya wenzake.

Na aliyaimba, wallahi! Kila bibi harusi lazima aulize, "Huyu ni mtu wa namna gani?" Baba Bakri alikuwa akipandwa na wazimu. "Ni mtu wa kuolewa! Wataka kujua nini zaidi?" Lakini Nelda hafungui kinywa mpaka mama wa binti apigiwe simu aeleze. Huyu ni mwoga, basi jina lake linaimbwa chini chini kama unambembeleza atoke chumbani. Yule ni mtundu, jina linaruka. Kuna mmoja mamake alisema, "Mwanangu ni mvivu mno," Nelda akaliburuza jina lake mpaka ukumbi mzima ukaangua kicheko, na bibi harusi mwenyewe akacheka kuliko wote. Ikawa Jeddah nzima wataka "ile sauti." Mwenye sauti hakuna aliyemuuliza. Alikaa nami nyuma ya meza ya mitambo, akinishikia waya, akila biriani yake kwa mikono miwili.

Lazima niwaambie habari ya Nur na Jawahir, ili mjue jina ni kitu gani ukumbini. Jioni moja tulikuwa na harusi mbili, na Baba Bakri akagawa mwenyewe fleshi zenye zile zafa, kwa sababu alisema wanawake huchanganya vitu. Mimi na Nelda tukapewa ukumbi wa Nur, msichana mwenzetu mwingine akapelekwa kwa Jawahir. Taa zikashuka, mlango ukafunguka, wimbo ukaanza, na sauti ya Nelda ikaita kwa mahaba yote: "Jawahiiiir!"

Mkono wangu wa kushoto ulishusha sauti kabla kichwa hakijafahamu. Nelda akanyakua maikrofoni na kuliimba "Nur" papo hapo, bila ala, watu wakadhani ndiyo mitindo. Sisi tukapona. Kwa Jawahir ndiko kulikowaka. Jina la Nur lilipotajwa, bibi harusi akaganda mlangoni. Mama wa bwana harusi akasimama. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti, "Nur ndiye nani? Kwani kuna mke mwingine?" Basi! Habari ikapita meza hadi meza, na ilipofika meza za nyuma Nur alikuwa ana watoto wawili na nyumba Madina. Bwana harusi, masikini, huko aliko kwa wanaume, akapigiwa simu na mama mkwe aapishwe. Tangu siku ile kila zafa niliisikiliza mwenyewe, jina kwa jina, kabla haijatoka dukani. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Ukikosea muziki utasamehewa, ukikosea jina umevunja nyumba.

Sasa ikaja habari ya mkataba. Mume wa Nelda aliambiwa kazi yake inakwisha, warudi Texas. Nelda akaja studio siku hiyo hana peremende. "Nikirudi nitaimba kanisani na jikoni," akasema. "Umri huu hakuna atakayenirekodi." Alikuwa na wimbo aliotunga mwenyewe, mistari ya Kihispania na kiitikio cha Kiarabu cha Jeddah, uitwao Nimefika: mwanamke anasimama mlangoni pa nyumba asikojulikana na kusema nimefika, mimi niliyetoka mbali, nipisheni nikae. Aliuimba mara nyingi akinisaidia kukunja waya. Baba Bakri alipoombwa aurekodi alisema vizuri, lakini bibi harusi gani kaulipia? Hakuwa mtu mbaya. Ni mfanyabiashara tu, na masikio yake yalikuwa kwenye duka.

Aliyetuokoa ni Kariuki, dereva wetu, mwenyeji wa Nakuru, aliyekuwa akitungoja nje ya kila ukumbi ndani ya gari la spika, akisikiliza mahubiri kwenye simu. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi Riyadh, kule Al-Sulay, kwenye maghala ya majukwaa na taa za matamasha.

"Mathee, mbona mnalia na mimi niko?" akasema. "Sulay kuna majamaa wanarekodi. Nje ni godauni, ukiingia ndani unadhani uko majuu. Saa hii wanasaka waimbaji wanaoishi huku, kila mtu wimbo mmoja, wanautoa kwa mtandao na jina lake. Nimeshaongea na wao."

"Umeongea nao lini?"

"Wiki jana. Nilikuwa nangojea mniulize."

Nilitamani kumbusu na kumpiga kofi kwa pamoja.

Riyadh ni mbali na Jeddah, na Nelda alikuwa ameapa asitoe neno njia nzima ili ahifadhi sauti. Basi akawa anasema kwa mikono. Akigusa koo, Kariuki anasimamisha gari anunue maji. Akionyesha dirisha lifungwe, Kariuki anadhani ataka kupiga picha ngamia, anasimama. Tulipofika Al-Sulay gari lilijaa katoni za maji, na tulikuwa na picha za ngamia wasiotakwa na mtu. Mume wa Nelda alishafunga masanduku. Mwimbaji akishindwa leo, hana pengine.

Godauni lilikuwa kama Kariuki alivyosema. Chini malori na mabomba ya chuma, juu studio ambayo sijaiona mfano wake. Maikrofoni yao inaisikia hata nia yako. Fundi alikuwa kijana aitwaye Yazid, mpole, mjuzi wa kazi yake, akaniita khala, yaani mama mdogo, na akaniletea chai kabla sijakaa. Nelda akamwomba jambo moja tu: "Huyu akae pale kwenye kitufe cha kusemea. Nimezoea pumzi yake masikioni." Yazid akasogeza kiti.

Nelda akasimama nyuma ya kioo, akavaa hedifoni, muziki ukaanza. Akaimba. Enyi watoto, niliwahi kumsikia mwanamke huyu mara zisizo na idadi, lakini siku ile "r" yake ilivingirika mpaka kioo kikatetemeka. Mstari wa kwanza, wa pili, kikafika kiitikio. Nimefika, nimefika... na hapo, mahali pa kusema "mimi niliyetoka mbali," akanyamaza.

Akaacha pengo!

Muziki unakwenda, mwimbaji kinywa wazi, ametega sikio, ananitazama kupitia kioo. Uso ule niliujua. Ni uso wake wa kungoja jina. Zafa zote zile zilikuwa zimemwingia mwilini, na mwili ukiona kioo, hedifoni na mimi, ulijua kitu kimoja tu. Yazid akageuka kuniuliza kuna nini. Lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshabonyeza kitufe, na mdomo wangu nao ukafanya kazi yake ya kila siku. Nikasema polepole, kwa kutamka sawasawa:

"Nelda."

Naye akalipokea, akaliimba. Hakuliimba kwa makeke. Aliliimba kama alivyowaimbia wale waoga, chini chini, akilibembeleza litoke, kisha likapanda, likapanda, mimi nikafunika mdomo kwa mkono wa kulia.

Muziki ulipokwisha akatoka mbio, uso mwekundu. "Futa hiyo! Futa! Nani anajiimba jina lake? Nimefanya upuuzi!" Yazid akasema sawa, rudia. Akarudia, maneno yote mahali pake, bila kosa lolote. Kisha Yazid akatupigia zote mbili, moja baada ya nyingine. Ile ya pili ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Ile ya kwanza ilipofika kwenye jina, Kariuki, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa mbili za maji, akasema, "Aki ya nani. Hiyo hapo."

Nelda akakaa chini sakafuni, akalia. Nami nikakaa naye nikalia, na Yazid masikini akaenda kuleta chai nyingine. Mwishowe akajifuta pua, akasema, "Iache."

Wimbo ukatoka mtandaoni na jina lake limeandikwa juu. Nawaambia ukweli, dunia haikusimama. Kwa siku za mwanzo wasikilizaji wake wakubwa walikuwa Kariuki, aliyeupiga kwenye gari mpaka akajua Kihispania asichokielewa, na mamake Nelda huko Texas, ambaye safari hii aliuona kwa macho yake. Lakini kwetu Jeddah siri haikai. Mabibi harusi wakausikia, wakaitambua sauti, na simu ya Baba Bakri ikawaka moto. Wote wataka kuingia ukumbini kwa Nimefika. Na kila mmoja ataka lile jina lililomo litolewe, litiwe lake.

Baba Bakri akaja studio amejipaka marashi. "Ya Nelda, jina moja tu! Kupepesa jicho!"

"Mafi, baba."

"Umeshaimba majina ya Jeddah nzima!"

"Ndiyo maana. Nimewaimbia watoto wa watu wote. Hili moja liacheni lilivyo."

Akanigeukia mimi. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa na nakala, na jina kulikata na kutia jingine, kwa jinsi nilivyokuwa nimezifahamu sauti za Nelda zote, ilikuwa kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Akaniambia nikate. Nikamjibu, "Baba, wewe ni kafili wangu, mdhamini, na ikama yangu ya kuishi hapa iko mkononi mwako. Mkasi uko mkononi mwangu. Ukitaka kunirudisha kwetu nirudishe, lakini jina hili silikati." Akaenda zake dukani. Alininunia siku kadhaa, akawa ananisemesha kupitia kwa Kariuki aliyesimama katikati yetu. "Bosi anasema washa taa." "Mwambie bosi imewaka."

Siku za Nelda zikawa zinakwisha. Wimbo wake ulikuwa umetoka, ni kweli, lakini lile la pili alilolitaka, watu wausikie na waulize huyu ni nani, halikuwa limetokea. Mabibi harusi walikuwa wakiuliza pengo tu.

Hapo ndipo alipokuja Abrar, binti wa mtaani kwetu, daktari wa meno, mcheshi, ameshikana mkono na nyanyake. Akataka Nimefika. Baba Bakri, kwa uchungu, akamweleza kwamba ule haubadilishwi jina, mwimbaji ni mkaidi na fundi ni mkaidi zaidi. Abrar akataka ausikie tena. Akasikiliza mpaka mwisho, akaangalia kioo cha studio, akasema, "Basi lisibadilishwe. Nitaingia nao hivyo hivyo."

"Na jina la mtu mwingine?" Baba Bakri akaruka. "Binti yangu, unajua yaliyompata Jawahir?"

"Mimi ukumbi mzima unanijua, baba. Nusu yao nimewang'oa meno. Mwacheni naye aingie."

Siku ya harusi Nelda alikuja kunisaidia, kama kawaida, ingawa tikiti ya ndege ilikuwa mkobani. Waya mmoja ulikuwa unakwaruza, akavua viatu akaingia chini ya meza kuushikilia, kwa sababu alikuwa mfupi na anaenea. Taa zikashuka. Mlango ukafunguka, Abrar kasimama na shela lake, anatabasamu. Nikapandisha sauti. Nimefika, nimefika... na ukumbi mzima ukasikia anayeingia ni "Nelda."

Yallah, ule mnong'ono! Niliuona ukitembea kwa macho yangu. Meza ya kwanza wakatazamana, meza ya pili wakainamiana, shangazi wa upande wa bwana harusi akasimama. Nelda ni nani? Nelda nani? Kuna nani anaitwa Nelda? Abrar anatembea tu, polepole, kama malkia, na kila nikikirudisha kiitikio jina linarudi, na swali linazidi. Nyanyake, ambaye mjukuu hakumwambia chochote, akaja mbio na bakora mpaka kwenye meza yangu, akaigonga.

"Wewe! Huyu Nelda anayeingia na mjukuu wangu ni mke wa nani?"

Nikaangalia chini ya meza. Nelda alikuwa amelia mpaka wanja umemfika kidevuni. Nikampiga teke dogo. Akajitokeza, vumbi magotini, waya ungali mkononi.

"Ni mimi, mama," akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni. "Naimba mimi. Nelda ni mimi."

Yule nyanya akamtazama juu mpaka chini. Akasikiliza spika kidogo, akamtazama tena mdomo. Kisha akamshika kiganja kwa nguvu, akamvuta kutoka nyuma ya meza, akawa anamburuta katikati ya ukumbi kuelekea jukwaani aliko Abrar, bakora juu, akipasua meza kwa meza: "Ndiye huyu! Nelda ndiye huyu! Mnauliza nini? Ndiye huyu!" Vigelegele vikaanza upande mmoja, vikashika ukumbi wote.

Nelda akanigeukia, anapepesuka na soksi zake, akapiga ukelele, "Zu, viatu vyangu!"

"Nenda wewe!" nikamwambia. "Nani anatazama miguu yako?"